Gari Lililojaa Viti Vitupu

Nyinyi vijana mliorithi kibanda chetu cha kushonea, kila nikipita mnanisimamisha na swali lile lile. Mmefungua milango yote ya kagari fulani, mmepanga viti vya watoto chini kando ya barabara, mmeshika kiuno. "Papa, viti tatu ya batoto itaenea huku nyuma?" Nawajibu kwamba vinaenea, nafasi inatosha, halafu naenda zangu haraka, nanyi mnadhani nina safari. Sina safari yoyote. Nakimbia swali. Leo nimekaa, acheni niwajibu vizuri.

Mnajua kwamba maisha yangu yote nimeshona viti vya magari hapa Bukavu. Nimeshona vya taksi, vya mapadri, vya wafanyabiashara wanaopanda na kushuka njia ya Kalehe mpaka sponji inageuka unga. Viti vya watoto vilikuja baadaye, pamoja na watu waliorudi kutoka ng'ambo na mizigo ya vitu vilivyokwisha kutumika. Vingine vilifika bila mikanda. Vingine vilikuwa na peremende zilizogandia chini ya kitambaa, nami nilizibandua kwa kisu nikijiuliza mtoto gani wa mbali alikuwa akizila.

Sasa sikilizeni. Kiti cha nyuma cha gari dogo ni cha watu watatu kwenye karatasi tu. Msipime chini, kwenye makalio ya vile viti. Chini vyote vinaenea na mtu anajidanganya. Pimeni juu, kwenye mashavu yanayozuia kichwa cha mtoto, maana ndiko vinakogombania. Chembamba kuliko vyote kiende katikati, nacho ndicho kianze kufungwa. Cha mtoto mchanga, kile kinachotazama nyuma, kiwekeni pembeni, ili mashavu yake yasikutane na ya jirani. Na kabla ya kusukuma cha pembeni, vuta kwanza vifungo vya mikanda vije juu. Nilishawahi kuvizika chini, nikalazimika kubomoa kazi nzima huku mwenye gari akinitazama na kupiga miayo.

Halafu goti. Weka goti ndani ya kiti, lalia kwa uzito wako wote, mwenzako avute mkanda wa gari mpaka usivutike tena. Kishike pale mkanda unapopita, ukitikise. Kikicheza kuzidi upana wa dole gumba, anza upya, hata kama mteja amekasirika. Na mlango ujifunge wenyewe. Ukiona baba wa familia anausukuma kwa nyonga, kazi haijaisha.

Hayo yote nilifundishwa na Papa Faustin, fundi aliyenipokea nikiwa sijui hata kuvaa kastabini. Si kwamba yeye alizaliwa akivijua viti vya watoto. Alivichukua siku ya kwanza, akavigeuza kama anayenunua kuku, akasema, "Hii ni kiti kama kiti." Kisha akavitia chini ya sheria yake ya zamani, kwamba fundi hukalia kwanza.

Sheria hiyo niliisababisha mimi. Katika mwaka wangu wa kwanza nilisahau sindano ndani ya mto, na mfanyabiashara mmoja mnene wa Nyawera akaikalia mbele ya wateja wake. Sitawaeleza alivyoruka. Papa Faustin hakunipiga. Aliniambia tangu siku hiyo kila kiti nitakachoshona nitakikalia mimi, mwenye gari aendeshe, tushuke mteremko, tupande tena, kisha ndipo tupokee shukrani. Nilikalia viti vingi sana. Makalio yangu yalijua barabara za mji huu kuliko macho.

Lakini mtu mzima hawezi kukalia kiti cha mtoto. Papa Faustin akaleta mfuko wa maharage wenye uzito wa mtoto, tukaufunga mikanda kifuani, mwenye gari akashuka mteremko na kukanyaga breki kwa nguvu. Watu wa barabarani walikuwa wakitucheka. "Maharage iko naenda wapi na sentiri?" wauza ndizi waliuliza wakionyesha mikanda ya mfuko. Papa Faustin aliwajibu bila kucheka kwamba yanaenda kutembelea shangazi yao. Yakirudi yamekaa palepale, tulimkabidhi mteja gari lake. Yakirudi yameinama, tulianza upya.

Basi ilifika zamu ya binti yangu, Nabintu. Yeye anafanya kazi ofisini, na mume wake yuko Luhwindja kikazi, anarudi nyumbani kwa nadra. Nabintu alinunua kagari kadogo ili apeleke watoto wake watatu shule na kwa mlezi bila kuwapakia kwenye pikipiki. Mkubwa ni Asifiwe, wa kati ni Ombeni, na mdogo Amani alikuwa bado ananyonya. Wanaishi Nyalukemba pamoja na mama wa mume wake, Koko Bernadette, bibi wa watoto. Yeye ni mkwe wangu, mama mwenye heshima na misa yake ya kila asubuhi, na mbele yake mimi huweka hata sigara ndani ya mfuko.

Nilimfungia Nabintu viti vitatu kama nilivyowaeleza, na maharage yakashuka mteremko na kurudi. Koko Bernadette alitoka uani kutazama. Alipoona Amani amewekwa akitazama nyuma, aliniuliza kwa upole, "Papa Nabintu, huyu mutoto alikosa nini, banamugeuzia kiti?" Nilimweleza habari ya shingo ya mtoto mchanga, kwamba gari likisimama ghafla, kiti kile kinampokea mgongo mzima. Alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akasema kama ni shingo basi sawa. Nilirudi nyumbani nikijisikia mtu mkubwa.

Kuna kitu sikukifikiria siku hiyo. Kwetu gari si la mwenye gari peke yake. Mwenye magurudumu hubeba anaowakuta kwenye mlima, hasa kukiwa na mvua, hasa kama ni wazee. Ukimpita mtu unayemjua kwa miguu nawe una nafasi, habari yako itafika nyumbani kabla yako. Sasa, ukifunga viti vitatu nyuma, nafasi ya mtu mzima inabaki moja tu, ya mbele. Watoto wakishuka, viti vinabaki vitupu, ila hakuna mtu mzima anayeweza kuvikalia. Gari linakuwa limejaa na halina mtu.

Asubuhi moja Nabintu alikuwa amekwisha kushusha watoto. Mbele alikuwa amemkalisha mgeni wa ofisini kwao. Mvua ilianza kwa nguvu, na kwenye mpando akamkuta Koko Bernadette akitoka misa na mama wenzake, kitenge kichwani. Nabintu akasimama, akashusha kioo, akaanza kueleza. Koko akaingiza kichwa, akatazama nyuma.

"Viti iko tatu," alisema, "na mutu hamuna."

"Maman, hii inafungwa na mikanda, kuifungua na kuitosha inaomba wakati mingi."

"Basi endeni. Siye tuko na miguu."

Wale mama wote waliliona gari likiondoka na viti vyake vitatu. Jioni ile Nabintu alikuja kwangu akilia. Hakuna aliyemtukana. Koko alikuwa amefika, akabadili nguo, akapika, akauliza habari za kazi, wala hakuligusa jambo la mvua hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililomchoma. Nami nilimkasirikia sana yule mgeni. "Mutu gani huyo," nilimwambia Nabintu, "anaona mumama muzee ananyeshewa, haseme hata: miye nashuka?"

Nabintu aliniomba kitu kimoja. Nimtafutie njia ya kuvitoa viti upesi akimkuta mkwe wake njiani. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Mkwe alikuwa amenyeshewa kwa sababu ya kazi ya mikono yangu, na mimi sikutaka jina langu litajwe hivyo baada ya misa.

Hapo nikawa mjanja. Nilishona kanda fupi za turubai, zile nzito, nikatia kila mwisho ndoana ya chuma, nikazifunga kwenye fremu chini ya mto wa gari. Kiti cha mtoto kilinasa kwenye ndoana, na kwa kuvuta mara moja kilitoka, unakitupa nyuma kwenye mizigo, mkwe anaketi. Mkanda wa gari haukutumika tena. Nilijipenda sana wiki hiyo. Wateja wengine waliona, wakataka nao, maana kila nyumba ina wakwe. Nilishona kanda hizo mpaka vidole vikaota sugu mpya.

Papa Faustin alikuwa amekwisha kuzeeka, anakuja kibandani kuota jua tu. Nilimwita aone. Aliinama kwa shida ndani ya gari la Nabintu, akaweka goti, akatikisa. Kiti hakikucheza. Nikacheka nikidhani nimemweza.

"Iko nasimama," alisema.

"Si unaona, Papa?"

"Iko nasimama sababu gari iko nasimama. Maharage iko wapi?"

Nilimwambia maharage tutayapeleka kesho. Kulikuwa na magari matatu yananingoja. Kesho yake yakawa mengine. Yeye alirudi kwenye kigoda chake akafumba macho juani.

Muda ulipita, na kila mtu alikuwa na furaha. Koko Bernadette alipakiwa kila alipokutwa, na kwa mama wenzake nilipata sifa ambazo sikuwahi kuzipata kwa kazi safi. Halafu asubuhi moja Nabintu alikuwa akishuka na watoto wote nyuma, Koko ameketi mbele. Pikipiki iliyobeba madumu ikamkatia njia. Hakuwa anakimbia, nani anakimbia kwenye barabara zetu? Alikanyaga breki tu, kama mtu yeyote angefanya. Ndoana ya kiti cha katikati ikafunguka. Ombeni akaja mbele pamoja na kiti chake kizima, amefungwa ndani yake imara, maana mikanda ya kifuani niliishona vizuri. Koko Bernadette alitupa mkono wake kati ya viti viwili vya mbele, kiti kikagonga mkono huo badala ya kwenda kugonga kioo.

Nilipofika hospitali niliwakuta kwenye benchi la korido. Ombeni alikuwa na mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, mfupa wa bega umevunjika, anakula biskuti kwa mkono wa pili na kunisalimia kwa furaha. Mkono wa Koko ulikuwa umefungwa kutoka kiwiko hadi vidole. Daktari, kijana mpole, alikuwa anamuuliza Nabintu ilikuwaje kiti kikachomoka.

"Kilifungwa na fundi," alisema Nabintu.

"Fundi gani?"

Nilikuwa nimesimama pale, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake. Alinitazama. Kisha akamgeukia daktari.

"Fundi moja tu, wa ku barabara."

Sijui hadi leo kama alinificha kwa kunihurumia au kwa kunionea haya. Sijamuuliza. Nilikuwa na nafasi ya kusema ni mimi, daktari alikuwa bado amesimama, lakini mdomo haukufunguka. Ninyi mnaonisikiliza, mkitaka kujua aibu ina uzito gani, ni huo, wa mtoto wako kukuita mtu wa barabarani nawe ukashukuru moyoni.

Daktari alipoondoka, Koko Bernadette aliniita niketi upande wa mkono wake mzima. Alizungumza taratibu, kama anayeuliza bei ya mboga.

"Papa Nabintu, ile ya kwanza, ya mikanda, si ilikuwa nguvu?"

"Ilikuwa nguvu, Maman."

"Sasa juu ya nini ulitiamo ndoana?"

Hapa ningeweza kusema kiburi. Ningeweza kusema sikupeleka maharage. Badala yake nilimwambia, "Juu yako, Maman. Sababu usinyeshewe tena." Ilikuwa kweli, na kwa sababu ilikuwa kweli ilikuwa mbaya zaidi. Nilimwona anaupokea mzigo ule. Aliutazama mkono wake uliofungwa, kisha akamtazama Ombeni. Nilikuwa nimemvunja mkono mama wa watu, kisha nikampa na kosa alibebe kwa ule uliobaki.

Siku zilizofuata nilizunguka mji mzima nikitoa ndoana. Nilikwenda kwa miguu, nyumba kwa nyumba, na kila mlango nilieleza kwa nini. Mama mmoja wa Muhumba alikataa nisiguse gari lake. Alisema mkwe wake ana mdomo kuliko barabara mbovu. Nilikaa kwenye ngazi zake mpaka mume aliporudi. Tuliweka goti, tukavuta mikanda, na maharage yakashuka mteremko. Papa Faustin hakunisuta. Aliwahi kuniambia tu nibadilishe mfuko, ule wa zamani ulikuwa umetoboka na tulikuwa tunaacha maharage njiani. Huyo mzee amekwisha kufa, Mungu amlaze pema, na neno lake la siku ile nalisikia kila ninapoona kiti kinachosimama vizuri kwenye gari lililosimama.

Hapa mngeweza kudhani nimewajibu. Bado kidogo.

Nilipoacha kazi kwa sababu ya macho, Nabintu alikuwa akinipitia mara moja moja alasiri, tuchukue watoto shule, nikale kwake. Siku moja tulikuwa tunapanda, mimi mbele, nyuma viti vitatu vimefungwa kwa mikanda kama inavyotakiwa, vitupu. Mvua ilikuwa inashuka ile ya kwetu, ya kuficha ziwa. Tukamwona Koko Bernadette kando ya barabara na mama wenzake wawili. Mkono wake ule haunyooki tena vizuri, kitenge alikuwa amekishika kwa mkono mmoja.

Nabintu akapunguza mwendo. Kabla hajashusha kioo, Koko aliinua mkono na kupunga kama askari wa barabarani anayefungua njia.

"Piteni, piteni," alisema kwa sauti. "Endeni kwanza kubeba batoto." Kisha akawageukia wale mama wenzake, nami nilimsikia vizuri kupitia kioo, "Hii gari imejaa. Muone viti. Ni ya batoto, haitoshwake mu gari."

Mama mmoja alicheka kidogo, wa pili akatazama chini. Mimi niliinua mkono kumsalimia, nikamwinamia kichwa kwa heshima zote. Nabintu akakanyaga mafuta. Moyoni nilikuwa nimejaa shukrani kwa yule mama, nikasema hata kwa sauti kwamba mkwe kama huyu hapatikani. Nabintu alikuwa anatazama barabara, midomo ameibana.

Tulichukua watoto, nikawafunga mimi mwenyewe mmoja mmoja, nikatikisa kila kiti. Tulifika nyumbani, tukaingia, nikapewa chai. Nilikuwa nimeinua kikombe nilipomkumbuka yule mgeni wa ofisini, yule niliyemlaani kwa kutoshuka. Nafasi ya mtu mzima ndani ya gari lile ilikuwa moja, na niliyekuwa nimeikalia ni mimi, mzee mwenye miguu miwili mizima na koti. Sikuwahi hata kuwaza. Kikombe nilikirudisha mezani.

Kwa hiyo, vijana, viti vitatu vinaenea. Vifungeni kwa mikanda, msiogope mkwe wa mtu, maharage yasikose kushuka mteremko. Ila mwenye gari akishalipa na kushukuru, mwambieni pia kwamba mbele imebaki nafasi moja, na atakayeketi hapo ajue kushuka.

Siku ile, kikombe kikiwa bado mezani, mlango ulifunguka, Koko Bernadette akaingia akidondosha maji, akavua viatu kizingitini. Nilisimama. Nilitafuta kitambaa cha kumpa nikakosa, nikabaki nimesimama na mikono mitupu katikati ya nyumba ya binti yangu.

"Batoto banalowa?" aliniuliza.

"Hapana, Maman."

"Na weye, Papa Nabintu?"

Alikuwa anauliza kwa wema, hakuna kingine. Nilitazama koti langu.

"Hapana," nilisema.